Shangazi, bima ya gari inanishinda hata kabla sijanunua gari

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 20 na mwezi uliopita nimepata leseni ya udereva. Nilifaulu mtihani mara ya kwanza, na nyumbani kila mtu alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote kwa sababu nina haja ya kweli na gari. Nafanya kazi ya zamu hospitalini, na zamu nyingine zinaisha usiku, saa ambazo usafiri wa umma huwa wa kubahatisha. Nimekuwa nikiweka akiba tangu nianze kazi.

Nimeonyeshwa magari mawili, yote yameshatumika. La kwanza ni gari dogo la kawaida, injini ndogo, rangi imepauka, lakini fundi amelikagua na kuniambia halina tatizo. La pili ndilo lililonikaa moyoni. Injini yake ina tabo, rimu zimebadilishwa na kuwekwa kubwa, redio na spika zimefungwa upya, na bei yake haipishani sana na ya lile la kwanza kwa kuwa mwenyewe ana haraka ya kuliuza. Bado sijalipia lolote.

Nilipoanza kuulizia bima ndipo nilipoishiwa nguvu. Kwa hilo gari la pili, kampuni ya kwanza niliyoipigia simu ilinitajia ada ya mwaka inayokaribia nusu ya bei ya gari lenyewe, kwa bima kubwa. Kaka yangu ana miaka 35, amewahi kugonga mara mbili, na analipa chini ya theluthi moja ya kiasi hicho kwa gari lenye thamani kuliko hili. Mimi sijawahi kugonga hata ukuta! Nilimuuliza yule aliyepokea simu kosa langu ni nini, akasema ni umri na upya wa leseni tu. Shangazi, hiyo ni haki?

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Baba anataka tukate bima kwa jina lake, yeye aandikwe dereva mkuu na mimi dereva wa ziada, ingawa ana gari lake na hili hatalishika kabisa. Anasema wazazi wengi hufanya hivyo. Mwenzangu wa kazini amenipa namba ya mtu anayeuza bima kupitia ujumbe wa simu kwa bei ya chini mno: unamtumia pesa, na haipiti nusu saa unaletewa karatasi. Mwingine ameniambia nitaje thamani ya gari iliyo ndogo ili ada nayo iwe ndogo. Mwingine anasema bima kubwa ni ya matajiri, nikate bima ndogo nimalizane nao. Na kuna aliyeniambia madereva wa kike hulipa nafuu, kwa hiyo nisikubali bei wanayonipa.

Kampuni nyingine imesema itanipunguzia nikikubali kufungiwa kifaa kinachoangalia ninavyoendesha. Hapo pia nimesita, maana sipendi mtu ajue kila ninapokwenda, na zamu zangu za usiku huenda zikanihukumu.

Nifanye nini? Nisije nikashindwa na bima nikaishia kuliegesha gari nyumbani.

Dereva Mpya

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa leseni.

Kabla ya kuanza kujibu barua hizi nilikuwa ofisa wa madai katika kampuni ya bima. Kazi yangu ilikuwa kukaa na watu baada ya ajali, faili lao likiwa mezani kwangu. Waliokuwa wakilia mbele yangu si wale waliokosa bima. Bima walikuwa nayo, wamelipia, karatasi wanazo, ila ilikuwa imekatwa kwa maelezo yasiyo ya kweli na siku ilipohitajika haikuwafaa. Kwa hiyo nitakujibu nikiitazama siku ile zaidi ya siku ya kulipa ada. Nafuu ninayokutakia ni ya bima ambayo italipa.

Nianze na swali lako la haki, maana naona limekuuma. Kampuni haikujui wewe. Haijui kama ni mwangalifu au la, na haina rekodi yoyote ya kuitazama. Inachoweza kutazama ni watu wanaofanana nawe, na madai waliyoleta miaka iliyopita. Vijana wenye leseni mpya hugonga mara nyingi zaidi kuliko madereva wenye uzoefu kwa umbali uleule wa safari, na hali hiyo imeonekana nchi baada ya nchi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Wewe uko hospitalini. Bila shaka umeshawaona wanaoletwa.

Usidhani wanaogonga ni watukutu peke yao. Dereva mpya, hata awe na adabu namna gani, macho yake hukaa karibu na boneti. Mwenye uzoefu hutazama mbali, akaona mpira umeingia barabarani akajua mtoto yuko nyuma yake. Ujuzi huo hauna njia ya mkato, unakuja kwa kuendesha. Miezi ya kwanza bila mwalimu pembeni ndiyo ya hatari kuliko yote, kisha hatari hushuka. Giza huiongeza, na kubeba vijana wenzako huiongeza pia. New Zealand ilitambua hilo mapema: mwaka 1987 ilianzisha leseni ya hatua kwa hatua, ambapo dereva mpya hukatazwa kwa muda kuendesha peke yake saa za usiku au kubeba abiria bila dereva mzoefu kukaa pembeni yake, na nchi nyingine kadhaa zikafuata mkondo huo. Makampuni ya bima yanapima mambo hayohayo, ila yanayapima kwa pesa.

Kwangu mimi, hiyo si haki kamili. Unalipishwa makosa ya watu usiowajua. Lakini ni hali inayopita, na inapita haraka kwa anayeanza na rekodi safi. Kaka yako analipa kidogo kwa kuwa ana miaka mingi barabarani inayoweza kuhesabiwa, na zile ajali zake mbili hazikumwacha bure. Naamini angekuwa analipa pungufu zaidi bila hizo.

Sasa tuje kwa baba yako. Najua ananuia mema, na ni kweli kwamba wazazi wengi hufanya hivyo. Lakini anachokwambia mfanye ni kuidanganya kampuni kuhusu jambo ambalo bei yote imejengwa juu yake, yaani nani hasa atakuwa nyuma ya usukani. Dereva mkuu ni yule anayelitumia gari zaidi. Hapa ni wewe, na mnajua nyote wawili. Uingereza, kwa mfano, jambo hili huhesabiwa kuwa udanganyifu wa bima, na sheria za bima za nchi nyingi zina msimamo wa namna hiyohiyo.

Sheria hizi zina mizizi ya zamani. Mwaka 1766 jaji Mansfield wa Uingereza, akiamua kesi ya bima ya ngome moja huko Sumatra, alieleza kwamba bima ni mkataba wa kukadiria bahati, na kwamba habari za kukadiria bahati hiyo mara nyingi anazo mkata bima peke yake. Mwenye kampuni anategemea kuambiwa ukweli. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini wazo hilo bado liko chini ya kila fomu ya bima utakayoijaza.

Nikueleze ilivyokuwa ikitokea mezani kwetu. Binti anapata ajali usiku akitoka kazini. Mpelelezi wa madai hamuulizi maswali magumu. Anauliza anafanya kazi wapi, gari hulala wapi, nani hulitia mafuta, baba huenda kazini na gari gani. Kwa maswali hayo tu mambo yako wazi. Hapo kampuni inaweza kukataa kukulipa gari, na inaweza kuufuta mkataba. Katika nchi nyingi sheria huilazimu kampuni kumlipa kwanza mtu uliyemuumiza, lakini kisha huweza kukugeukia wewe au baba yako irudishiwe pesa hizo. Fidia ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo inaweza kuzidi bei ya gari lako mara nyingi mno. Baada ya hapo, kila fomu ya bima utakayojaza itakuuliza kama umewahi kufutiwa mkataba, na wewe na baba yako mtalazimika kujibu ndiyo, na bei zenu zitapanda nyote.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaifikirii. Miaka yote utakayoendesha vizuri chini ya jina la baba, mara nyingi punguzo la kutodai, yaani ada kushushwa kwa sababu umepitisha mwaka bila kudai malipo, litajikusanya kwake, wala si kwako. Siku utakayokata bima yako mwenyewe unaweza kuhesabiwa mgeni tena.

Wazo lake lina upande mmoja ulio halali, na ninakuomba umweleze huo. Kata bima wewe, uandikwe dereva mkuu, kisha baba aongezwe kama dereva wa ziada, mradi kweli atakuwa akiliendesha mara mojamoja. Dereva mwenye umri na rekodi nzuri akiwemo kwenye mkataba, kampuni nyingi hushusha ada kidogo. Omba bei mbili, akiwemo na asipokuwemo, uone tofauti. Kama hataligusa kabisa, basi asiandikwe. Heshima kwa mzazi haivunjiki ukimwambia, "Baba, nakushukuru, lakini sitaki wewe uwe wa kudaiwa nikigonga."

Yule muuzaji wa kwenye ujumbe wa simu, achana naye leo. Sina maneno mengi juu yake. Wengine wa aina hiyo huchapisha karatasi ya kughushi kabisa. Wengine hukata bima halisi lakini kwa maelezo ya uongo, wakiandika kuwa una miaka 45 na unaishi kwingine, kisha wakakupa karatasi iliyorekebishwa. Na wapo wanaokata bima ya kweli, wakaifuta siku chache baadaye na kula pesa zinazorudishwa. Kwa vyovyote vile, siku ukisimamishwa na polisi wewe ndiye unayeendesha bila bima, hata kama ulilipa kwa moyo safi. Kabla ya kumlipa wakala au dalali yeyote, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia bima katika nchi yako, pesa ziende kwenye akaunti ya kampuni na kamwe zisiende kwenye namba ya mtu binafsi, na ukishapewa namba ya mkataba ipigie kampuni yenyewe uthibitishe. Simu uitafute mwenyewe. Usitumie aliyokuandikia yeye.

Na kutaja thamani ndogo? Hapo nakuonyesha kwa hesabu, maana wengi huingia mtego huu wakidhani ni ujanja tu. Tuseme gari lina thamani ya 10,000 kwa fedha yoyote ile, nawe ukaandika 6,000. Likiibwa, dari ya malipo yako ni 6,000. Likigongwa, kuna mikataba yenye kifungu cha kulipa kwa uwiano: umelikatia asilimia 60 ya thamani, basi matengenezo ya 2,000 yatalipwa 1,200 na zinazobaki ni zako. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakukufai kitu, kwa sababu kampuni hulipa bei ya soko ya gari kama lilivyokuwa kabla ya ajali. Tafuta bei halisi ya magari kama hilo, ya mwaka na hali hiyohiyo, uandike hiyo.

Nimefika kwenye magari yako mawili, na hapa ndipo pesa zako nyingi zilipo. Nimekuelewa kwamba lile la pili limekukaa moyoni. Lakini ukitazama kwa jicho la kampuni ya bima, kila ulichonisifia ni sababu ya kuongeza ada. Tabo ni nguvu na kasi. Rimu kubwa na redio mpya ni vishawishi kwa wezi. Na vyote hivyo ni mabadiliko ambayo hayakutoka kiwandani, kwa hiyo lazima uyataje kwenye fomu hata kama aliyeyafanya ni mwenye gari wa zamani. Usipoyataja, unakuwa umeficha. Gari dogo lenye injini ndogo, ambalo vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi na fundi yeyote analijua, ndilo ambalo kampuni hulipenda kwa dereva wa umri wako. Omba bei ya bima ya yote mawili kwa maelezo yaleyale, siku ileile. Sitashangaa ukikuta kwamba tofauti ya ada za miaka miwili ya mwanzo peke yake ni pesa ya maana kabisa. Ushauri wangu ni uchukue lile lililopauka. La tabo utalinunua ukiwa na miaka 25 na rekodi safi, na wakati huo halitakuumiza.

Suala la bima kubwa au ndogo linategemea gari utakalochukua. Bima ndogo hulipa hasara unayowasababishia wengine, yaani miili yao na mali zao, na katika nchi nyingi ndiyo sheria inayokulazimisha kuwa nayo. Gari lako mwenyewe hailitazami. Katikati, makampuni mengi yana bima ndogo iliyoongezwa moto na wizi. Bima kubwa inalifidia na gari lako hata kama kosa la ajali ni lako. Aliyekwambia ni ya matajiri amekosea. Swali la kujiuliza ni moja: gari hili likiisha kesho, naweza kununua jingine bila kuyumba? Kama akiba yako yote imeishia kwenye gari hilo, na kazi yako inalitegemea, basi bima kubwa ina maana kwako kuliko kwa tajiri mwenye magari matatu. Kama gari ni la thamani ndogo kiasi kwamba ada ya bima kubwa ya miaka mitatu inatosha kununua jingine, kata ndogo, na tofauti uiweke akiba pembeni. Hata hivyo usichague kabla ya kuuliza bei zote. Kuna makampuni ambayo kwa kijana bima ndogo huitoza sawa au hata zaidi ya kubwa, kwa sababu kwenye vitabu vyao wanaochagua ndogo ndio waliogonga zaidi. Inaonekana ni kinyume, lakini hutokea, na ni hasara kulipa zaidi kwa kupata pungufu.

Uliza pia kuhusu ekisesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara unayoibeba mwenyewe kila unapodai. Ukikubali kubeba kubwa zaidi, ada inashuka. Ila ofisini niliwaona vijana waliokubali ekisesi kubwa ili ada ipungue, halafu gari likakaa gereji miezi kwa kuwa hawana pesa ya kutoa sehemu yao. Ukubali kiasi ambacho unacho sasa hivi, au utakachokuwa nacho benki muda wote wa mkataba. Na uulize kama kuna ekisesi nyingine ya lazima kwa dereva chini ya miaka 25 au mwenye leseni mpya, kwa kuwa mara nyingi ipo, hujumlishwa juu ya ile ya kawaida, na wauzaji wengi hawaitaji mpaka uwaulize.

Kile kifaa cha kufuatilia mwendo, mimi ningekifikiria vizuri kabla ya kukikataa. Kwa mtu kama wewe, mwangalifu lakini asiyejulikana, ndiyo njia ya haraka ya kujulikana. Huwa ni kisanduku kinachofungwa ndani ya gari au programu ya simu, na hupima kasi, ukali wa breki, jinsi unavyokata kona, umbali, na saa unazoendesha. Hilo la mwisho ndilo linalokugusa. Baadhi ya mikataba hukupunguzia alama kwa kuendesha usiku wa manane, mingine haijali ilimradi mwendo ni mzuri. Mweleze muuzaji waziwazi kwamba unatoka zamu usiku, akuonyeshe kwa maandishi usiku unahesabiwaje. Muulize pia kama alama mbaya zinaweza kupandisha ada katikati ya mwaka au hata kufuta mkataba, nani huziona taarifa za safari zako, zinakaa muda gani, na kifaa kikiondolewa anayelipia ni nani. Hofu yako ya kufuatiliwa ni ya haki, sitakucheka kwa hilo. Ukisikia majibu na bado moyo hautaki, kataa bila aibu na ulipe zaidi kidogo.

Kuhusu madereva wa kike: inategemea nchi. Katika Umoja wa Ulaya mahakama iliamua tarehe 1 Machi 2011 kwamba jinsia isitumike kutofautisha ada za bima, na amri hiyo ikaanza kufanya kazi tarehe 21 Desemba 2012. Kwingine jinsia bado inaruhusiwa kuhesabiwa. Uliza, lakini usiijengee matumaini.

Mengine madogo yana uzito yakiwa pamoja. Sema ukweli kuhusu kilomita unazotarajia kwa mwaka. Wanaoendesha kidogo hulipa kidogo. Sema gari litalala wapi, na kama pana geti au mlinzi taja. Andika kwamba utalitumia kwenda kazini na kurudi, usiandike matumizi ya nyumbani tu. Na usije ukabeba abiria au mizigo kwa malipo hata siku moja kwa mkataba wa gari binafsi, kwa sababu hiyo ni biashara na ina bima yake. Kama unaweza, lipa kwa mkupuo, kwani malipo ya kila mwezi mara nyingi huwa na riba ndani yake. Kama huwezi, uliza jumla ya malipo yote kwa mwaka, ulinganishe hiyo na ada ya mkupuo. Yapo mafunzo ya ziada ya udereva ambayo baadhi ya makampuni huyapunguzia ada. Uliza kwanza kabla ya kulipia mafunzo yenyewe.

Usiishie kwenye kampuni moja. Bei kwa kijana hutofautiana sana kutoka kampuni hadi kampuni, kwa sababu kuna yanayowataka vijana na yasiyowataka kabisa, na yasiyowataka hayakwambii hivyo, yanakutajia bei ya kukufukuza. Huenda ile ya kwanza uliyoipigia ni mojawapo. Pigia kadhaa, na umwone dalali mmoja aliyesajiliwa ambaye anafanya kazi na makampuni mengi. Wote wape maelezo yaleyale, thamani ileile, ekisesi ileile, ndipo bei zitalinganishika. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya siku unayohitaji bima. Anayekuja dakika ya mwisho hana nafasi ya kuchagua.

Ukishaanza kuendesha, lengo lako la mwaka wa kwanza ni kumaliza bila kudai, ili punguzo la kutodai lianze kujijenga. Kwa hiyo si kila mkwaruzo ni wa kupeleka kwenye bima. Tuseme ada yako ni 1,000, ekisesi 150, na punguzo utakalolikosa ukidai ni asilimia 20, yaani 200. Taa ikivunjika na matengenezo yakawa 250, kampuni itakulipa 100 na wewe utapoteza 200 mwaka unaofuata. Tengeneza mwenyewe. Lakini kutoa taarifa ni jambo jingine. Mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya kila ajali hata usipodai, na ikiwa kuna mtu mwingine ndani ya ajali hiyo, toa taarifa siku hiyohiyo, hata kama mmeelewana na kupeana mikono. Mtu anaweza kuamka kesho yake shingo inamuuma.

Usilipie gari kabla hujapata bei ya bima iliyoandikwa, na bima ianze kabla hujapewa funguo, maana na safari ya kulitoa kwa muuzaji ni safari. Mkataba ukikufikia, kaa chini usome ukurasa wenye maelezo yako: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya leseni, namba ya gari, thamani, madereva, matumizi. Ukiona kosa hata la tarakimu moja, wapigie siku hiyohiyo warekebishe, na uwaombe wakutumie marekebisho kwa maandishi.

Shangazi